Rangi Gani Inafanya Kazi Leo?

Swali hilo nililisikia zaidi ya mara ishirini asubuhi moja ya mwisho wa Septemba, kwenye redio ya boti, pale ambapo mto Columbia unaingia Bahari ya Pasifiki karibu na mji wa Astoria, Oregon. Rangi gani inafanya kazi leo? Kijani? Shaba? Mtu anajibu, "Waridi, futi ishirini," na baada ya dakika tano boti zote zinazokuzunguka zinavuta waridi. Naona ni swali baya. Jibu lake lipo, na mara nyingine ni jibu sahihi kabisa. Ubaya wake ni kwamba limekalia kiti cha swali lingine, ambalo hakuna aliyeliuliza siku ile, mimi nikiwemo, na kwa kutoliuliza tuliua samaki ambaye sheria ilitukataza kumchukua.

Nieleze kwanza, maana wengi wetu tunamjua samoni kama kipande cha rangi ya chungwa kwenye friji ya supamaketi ambayo hatununui kitu humo. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni mara moja tu, kutaga na kufa. Aina inayoitwa koho huutimiza mzunguko huo kwa takriban miaka mitatu. Kuanzia mwisho wa Agosti mlango wa Columbia hujaa boti. Boti hutembea taratibu, maji yanapojaa, na kila mtu ana mshipi mmoja unaoburutwa nyuma. Kwenye mshipi kuna risasi ya kuuzamisha, kisha flasha, yaani kibao cha plastiki kinachong'aa na kuzunguka ili kumvutia samaki kutoka mbali, kisha kipande kifupi cha mshipi, na mwishoni kabisa chambo na ndoano. Ikifika mwisho wa Septemba, kundi kubwa la samoni aina ya Chinook limekwishapanda juu. Wanaobaki kuingia ni koho wa msafara wa mwisho, na hao wameshapishana na maelfu ya flasha kabla hawajafika kwenye yako.

Hapo ndipo ubishi wa vifaa unapopamba moto, na nakiri kwamba ni ubishi mtamu. Samoni akiingia maji baridi huacha kula. Tumbo lake husinyaa, na safari yote iliyobaki huiendesha kwa mafuta aliyoyaweka mwilini akiwa baharini. Akiuma chambo, anauma kwa mazoea ya zamani au kwa kukerwa. Kwa hiyo mvuvi anayechagua rangi anajaribu kubahatisha kitu kitakachomuudhi samaki asiye na njaa. Anajua kwamba nyekundu ndiyo hufifia mapema kadiri kina kinavyoongezeka, na kwamba maji ya mlango wa mto yana ukijani, ndiyo maana watu hupenda ile rangi ya ndimu inayoanza kuiva. Mzee aliyenialika kwenye boti yake, mstaafu ambaye nimepanga chumba nyumbani kwake, ana sanduku lenye droo tano za vifaa hivyo. Kila droo ina historia. Hiki kilishika samaki mwaka ule wa mvua nyingi, hiki alipewa na marehemu kaka yake. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika usimamizi wa uvuvi, na katika nusu saa ya kufunguliwa droo zile nilijifunza mambo ambayo semina ya wiki nzima isingenifundisha.

Lakini katika nusu saa hiyo hakusema neno hata moja kuhusu samaki atakayerudishwa.

Na kurudisha ndiyo kazi kubwa ya uvuvi huu. Koho wanaozaliwa kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga hukatwa pezi moja dogo, lile pezi la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Aliyekatwa pezi unaruhusiwa kumchukua. Mwenye pezi kamili ni wa asili, na unatakiwa umwachie; koho wa asili wa Columbia ya chini wamo tangu 2005 katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Mpangilio huo una akili yake. Tatizo ni kwamba pezi hulioni mpaka samaki awe ubavuni mwa boti. Flasha haichagui. Rangi ya waridi inamkera wa kituoni na wa asili sawasawa. Mkono wako ndio unaochagua, na unachagua mwishoni, wakati ndoano imeshafanya iliyofanya.

Maana yake ni kwamba kila unapofunga ndoano kwenye mshipi unaifunga kwa ajili ya samaki wawili: utakayemla na utakayemrudisha. Yule wa kwanza hana hoja na wewe kuhusu aina ya ndoano, atakufa tu. Ndoano inamhusu yule wa pili. Halafu tunakaa asubuhi nzima kwenye redio tukimjadili wa kwanza.

Siku ile Mzee alichagua heringi, samaki mdogo wa ukoo mmoja na dagaa-papa wa pwani yetu, aliyekatwa kichwa kwa mshazari ili ajizungushe kama aliyejeruhiwa. Heringi hufungwa kwa ndoano mbili: moja inashika mwili, ya pili inaning'inia nyuma. Zote zilikuwa na kijino, ule mwiba mdogo wa kurudi nyuma unaozuia ndoano isichomoke. Tulipata koho wawili waliokatwa pezi, tukawaweka kwenye barafu. Wa tatu alikuwa wangu. Koho haji kwa upole. Hujizungusha mshipini kama anayejifunga kamba mwenyewe. Nilipomfikisha ubavuni, pezi la mafuta lilikuwa zima, na ndoano ya nyuma ilikuwa imeingia kwenye matamvua. Damu ilitoka kama wino unaomwagwa majini. Mzee alijaribu kwa koleo, akashindwa, akakata mshipi. Tulimshikilia ndani ya wavu, akiwa majini kama sheria inavyotaka, mpaka akapiga mkia na kuzama.

"Kaenda!" Mzee akasema, na nikashangilia. Nilikuwa na simu mkononi. Nina video ya sekunde kumi na tisa, na kwenye video hiyo ni mimi ninayecheka.

Sasa nitaje takwimu moja tu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa samoni aina ya Chinook katika mto Willamette, unaomwaga maji yake Columbia pale Portland. Watafiti walitaka kujua samaki anayenaswa na kuachiwa hufa kwa nini. Waliochomwa kwenye taya walikufa kama wawili katika kila 100. Waliochomwa kwenye matamvua walikufa kama wanane katika kila kumi. Mto ni uleule, wavuvi ni walewale, huruma ni ileile. Kilichobadilika ni sentimita chache za mahali ndoano ilipoingia. Chinook si koho, na Willamette si mlango wa bahari, lakini matamvua ni matamvua. Nilikuwa nimeusoma utafiti huo kwa ajili ya mtihani miezi mitano kabla ya kusimama kwenye boti ile. Nilipata alama nzuri.

Video niliituma kwenye kundi la ukoo, kama mtu anavyotuma akiwa ughaibuni, na jioni mjomba akanipigia kutoka Ukerewe. Mjomba amevua Ziwa Victoria tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona video. Yule samaki mlimfanyaje?"

"Tulimwachia."

"Mlimwachia. Ana ndoano kwenye matamvua, damu zinamtoka, mkamwachia. Aende wapi?"

Nikamweleza habari ya pezi, koho wa asili, orodha. Alinisikiliza hadi mwisho, ndivyo alivyo. Kisha akasema, "Huyo hamkumwachia, mwanangu. Mmemtupa."

Najua baadhi yenu mko upande wa mjomba kwa sababu nyepesi zaidi. Mnaona mambo haya ya kumvua samaki na kumrudisha ni wazimu wa watu walioshiba. Nimeyasikia hata kwa wenzangu Waafrika hapa chuoni: kama unamvua mle, kama humli muache alale. Nami nilijaribiwa kukubali. Lakini kwenye mto huu msimamo huo haufanyi kazi. Ukisema kila anayetoka damu achukuliwe, basi kuanzia kesho asubuhi kila koho wa asili atakuwa anatoka damu. Na ukisema uvuvi ufungwe kabisa, samaki wa vituoni watapanda bila kupunguzwa na kwenda kuchanganyika na wa asili katika mahali pa kutagia, jambo ambalo wataalamu wa mto huu wamehangaika nalo miaka mingi. Sheria ya kumrudisha ni sahihi. Inachokosa ni watu wanaoitii kuanzia dukani wanaponunua ndoano, badala ya kuanza kuitii samaki akiwa tayari ubavuni.

Mjomba alilijua hilo bila kusoma chochote kuhusu samoni. "Sisi," aliniambia, "kama hutakiwi kukamata sangara mdogo, hawakwambii umkamate halafu umwombe radhi. Wanakupimia jicho la nyavu." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, nikiwa sekondari, nyavu za timba na makokoro zikichomwa moto ufukweni, na moshi mweusi wa plastiki ukiingia hadi darasani. Moja ya nyavu zile ilikuwa yake. Sisemi kuchoma nyavu za maskini ni jambo la kujivunia. Nina mengi ya kusema juu ya moto ule, na siku nyingine nitayasema. Lakini ndani yake kulikuwa na wazo sahihi: kwamba chombo cha kuvulia kinahukumiwa kwa yule kinayemdhuru bila kukusudia. Kwetu wazo hilo linamfikia mvuvi kwa moto. Hapa Astoria, mwenye boti ya bei ya nyumba tatu za mjomba anaruhusiwa kuligeuza kuwa suala la ladha yake binafsi. Hata sheria ya vijino imekuwa ikibadilishwa: mara vinakatazwa, mara inakuwa hiari. Na penye hiari, dukani nimeona kinachouzika.

Nimezijadili hoja hizi na wavuvi wa hapa, na majibu yao nayajua kwa mpangilio.

La kwanza ni mabwawa. Nao wana haki. Bwawa la Bonneville limekaa katikati ya njia ya samaki tangu 1938. Grand Coulee, juu zaidi, lilijengwa bila ngazi za samaki kabisa, na kila kilichokuwa kikitagia nyuma yake kilikwisha. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na maporomoko ya Celilo, mahali ambapo watu wa mto huu walivua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka, yakazama ndani ya saa chache. Leo makundi 13 ya samoni na jamaa zao katika bonde la Columbia yamo kwenye orodha ya hatari, na ndoano ya Mzee haikuyafikisha hapo. Nakubali yote. Ila nimegundua kwamba watu wanaonitajia mabwawa nikizungumzia kijino hawayataji wakati mwingine wowote. Hawajaandika barua juu ya mabwawa, wala hawajahudhuria mkutano. Bwawa kwao ni mahali pa kuegesha lawama ili waendelee kubishana kuhusu waridi. Nikipewa siku moja na kifaa kimoja, siwezi kubomoa zege. Kijino naweza kukibana kwa koleo, kwa sekunde tatu.

La pili ni simba wa baharini na nyavu za Wahindi Wekundu, kama wanavyowaita bado. Hapa uvumilivu huniisha. Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce walitia saini mikataba mwaka 1855, wakatoa ardhi na kubakiza haki ya kuvua. Haki hiyo ilipuuzwa kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1969 Jaji Robert Belloni alipoamua kwamba wanastahili sehemu ya haki ya samaki wanaopita. Na hapa ndipo ndoano yetu inapokutana na nyavu zao, ingawa watu wa Astoria hawapendi kuliona hilo. Wasimamizi wa uvuvi hawaamini kila samaki aliyeachiwa amepona. Huwakadiria wanaokufa baada ya kuachiwa na kuwaingiza kwenye hesabu ya vifo vinavyoruhusiwa kwa makundi yaliyo hatarini. Hesabu ikijaa, msimu unafungwa. Koho wangu aliyezama na damu yake ametumika. Hakuliwa na mtu wala hakutaga, na bado yumo kwenye daftari. Ukimlaumu jirani anayevua kwa ajili ya kula na kuuza, huku wewe ukitumia hesabu hiyohiyo kwa samaki wa video, nadhani kinachokuudhi ni jirani.

La tatu ndilo la kweli zaidi: ndoano isiyo na kijino hupoteza samaki. Ndiyo, hupoteza. Ukilegeza mshipi kidogo tu, koho amekwenda. Chambo cha chuma nacho, siku ambayo samaki wanataka heringi, kitakufanya urudi mikono mitupu. Sitadanganya kwamba unaweza kuvua kwa uangalifu bila kulipa chochote. Ninachosema ni kwamba gharama hiyo ipo siku zote. Suala ni nani anailipa, wewe kwa kurudi na samaki mmoja badala ya wawili, au yule mwenye pezi zima.

Kwa hiyo, kwa atakayejikuta kwenye boti ya namna hii, chagua hivi. Msafara wa mwisho ukifika, acha heringi ya ndoano mbili, kwa sababu chambo cha nyama humezwa ndani zaidi kuliko chuma. Funga spina, kile kisahani cha chuma kinachozunguka, na uweke ndoano moja tu isiyo na kijino. Tumia wavu wa mpira usio na mafundo, unaobakiza magamba na utelezi wa samaki mahali pake. Wenye pezi kamili usiwaguse kabisa. Inama, ishike ndoano kwa koleo, igeuze, na samaki atajichomoa mwenyewe akiwa majini. Ukishapata wa kutosha kula, geuza boti urudi nyumbani. Hii ya mwisho ndiyo wasiyoipenda, maana leseni inakuruhusu kuendelea kuwanasa na kuwaachia mpaka giza liingie, na wengi huendelea. Kisha rangi ichague upendavyo. Mimi mwenyewe napenda shaba.

Nilirudi kwa Mzee Jumamosi iliyofuata na kumweleza haya yote jikoni kwake. Hakufurahi. Aliniambia amevua mto huu miaka arobaini na mbili na anawapenda samaki hawa kuliko ninavyoweza kuelewa, nami naamini anawapenda. Lakini aliniacha nifunge spina yangu. Siku hiyo nilinasa wanne. Wawili walichomoka kabla sijawaona pezi. Mmoja alikuwa amekatwa pezi, tukamla kwa wali na limau. Wa nne alikuwa mzima, na ndoano ilikuwa imemshika pembeni mwa taya. Niliigeuza kwa koleo na akaondoka hata kabla sijamtazama vizuri. Siku moja si utafiti, na mwalimu wangu angenicheka nikiiita hivyo. Sina video yake.

Tulipokuwa tukirudi, redio ilikuwa bado inaongea. Nilimwomba Mzee kipaza sauti. Alisita, kisha akanipa. Nikauliza, kwa Kiingereza changu cha Mwanza, ni boti ngapi leo zimebana vijino vyao.

Kulikuwa na kimya cha kama nusu dakika. Halafu mtu mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, akanijibu: "Waridi. Futi kumi na tano."